Kivuli Kwanza: Mhadhara Kuhusu Barabara ya Samora

Asante, mwenyekiti. Kabla sijaanza naomba mikono. Nani hapa leo amepita Barabara ya Samora, hapa Dar es Salaam, kwa miguu kati ya saa sita na saa tisa mchana? Naona wengi. Haya, na nani alishika upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuvuka ng'ambo kufuata kivuli cha ghorofa? Hakuna. Basi mhadhara mmeshautoa ninyi, mimi nitaongeza maelezo tu, juu ya wazo la kuifunga Samora kwa magari iwe ya waenda kwa miguu.

Barabara hii ilizaliwa na jina la mti. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani "chini ya migunga". Waingereza walipokuja wakaiita Acacia Avenue. Ulipofika uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel, na kwa hilo sina ugomvi na mtu. Ila jina lilipobadilika, mti nao ukaenda zake. Simama leo kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa pale mwaka 1927, utazame upande wowote. Utaona mabango, viyoyozi vinavyodondosha maji na magari yaliyoegeshwa. Ile "chini ya" haipo tena.

Wanafunzi wangu huniletea michoro mizuri ya barabara za waenda kwa miguu. Mawe yamepangwa, taa zimenyooka, kuna vijana wanacheka. Huwa nauliza swali moja tu: hapa ni saa ngapi? Mara nyingi ni jioni. Sasa Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe kumi Oktoba, jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa. Wakati huo ghorofa kumi haikusaidii kitu, kivuli chake chote kimejificha chini ya kuta zake. Mji Mkongwe wa Zanzibar wazee walilitatua hili kwa kubana vichochoro, nyumba hii ikawa mwavuli wa ile. Samora ni pana, ujanja huo haufai hapo. Kinachobaki ni mti, au paa. Wahenga wamesema mchumia juani hulia kivulini. Mchumaji wa Samora anachumia juani na kula anakulia huko huko.

Sasa twende Kigali, maana jirani ametangulia na ametufundisha kwa gharama yake. Mwaka 2015 jiji lile lilifunga kwa magari kipande cha barabara ya KN 4, katikati kabisa ya mji. Lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini kwa miaka kadhaa kilichobaki pale kilikuwa lami. Nilipita siku hizo mchana, nikaona watu wanakatiza haraka haraka kama wanaokimbia mvua, ila hakukuwa na mvua. Wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamepungua, na kuna waliosema wazo lenyewe ni bovu.

Wazo halikuwa bovu, lilikuwa nusu. Mwaka 2022 mahali pale palifunguliwa upya, pana bustani, viti, vibanda na sehemu ya watoto kuchezea, na pakapewa jina la Imbuga. Kwa Kinyarwanda imbuga ni ule uwanja uliofagiwa mbele ya nyumba, mahali pa kumpokea mgeni na kuongea. Mtu wa pwani angesema barazani. Jina hilo peke yake lina mafunzo kuliko nusu ya vitabu vyangu. Barabara ni ya kupita, imbuga ni ya kukaa.

Kwa hiyo mimi nasema tusianze na kufunga. Tuanze na kupanda, tena tupande kwa akili. Ninyi mmeuona mti wa mjini unavyopandwa: shimo la ndoo mbili za udongo, mche unaingizwa, zege linamiminwa hadi shingoni, kiongozi anapigwa picha. Baada ya mwaka kuna kijiti na chupa za maji zilizotupwa. Mzizi unataka udongo usioshindiliwa, hewa, na njia ya maji kuingia. Chini ya njia ya miguu ya Samora kuna mabomba ya maji, nyaya za umeme na za simu, kila mmoja alichimba kwa wakati wake na kufukia kwa haraka yake. Mti hauna pa kwenda.

Pa kwenda papo, ila mtanikasirikia. Ni kwenye maegesho. Nafasi ya gari moja ni kama mita tano kwa mbili na nusu. Humo mnaenea mti mmoja wenye udongo wa kutosha, benchi, na mtu apite. Gari linakaa pale tangu asubuhi hadi jioni, tupu, likimngoja mtu mmoja. Sisemi tuyafute yote. Nasema kila nafasi ya tatu iwe mti. Kituo cha mwendokasi cha Posta ya Zamani kiko hatua chache tu kutoka Samora, na kila basi linashusha watu ambao wote, hapo hapo, wanageuka kuwa waenda kwa miguu.

Mti gani? Mwarobaini unavumilia jua na ukame. Mkungu una kivuli kama paa la makuti, lakini majani yake makubwa huziba mitaro, na masika hayamsubiri mfagiaji. Ukipanda mkungu, panga na bajeti ya ufagio. Ila naomba, kwa heshima zote, msilete minazi ya mapambo. Kivuli chake kinamtosha paka.

Kivuli kikipatikana, watakuja watu ambao hamkuwaalika. Muuza kahawa na birika lake, muuza madafu, fundi viatu. Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara, lugha rasmi ikawa "kuwapanga". Mimi ningependa wapangwe kwenye mchoro, kabla mgambo hajafika: kila baada ya miti kadhaa pawe na nafasi ya kibanda, bomba la maji, na pa kumwaga maji machafu. Barabara isiyo na kahawa ya jioni mtu ataishia kuitumia kama uchochoro.

Kuhusu sherehe za barabarani sina mengi. Ngoma, maonyesho ya vitabu na zafa vinahitaji vitu visivyopendeza kwenye picha: umeme wa kuchomeka, vyoo, nguzo za kuzuia magari zinazoweza kuchomolewa, na mita nne zilizo wazi ili gari la zimamoto lipite hata katikati ya muziki. Tuanze Jumapili, wakati Samora imelala na maduka mengi yamefungwa. Kigali wana siku zao bila magari tangu 2016. Kufunga Jumapili moja kunataka vizuizi, askari wachache na turubai za kuazima kivuli wakati miti inakua. Pasipopendeza, Jumatatu magari yanarudi, hakuna aliyevunja kitu.

Na miti ikishapandwa, miaka mitatu ya mwanzo nani ataimwagilia? Nataka jibu hilo liandikwe kwenye mkataba pamoja na mshahara wake, wala lisiachwe kwenye hotuba ya uzinduzi.

Naona mzee pale nyuma amenyanyua mkono tangu nilipotaja maegesho, na hajaushusha. Karibu, mzee wangu, mpeni kipaza sauti.