Uyoga mweupe wa Tabora si uyoga mweupe wa Ufini

Wazee wangu, shikamooni, na ninyi wengine wote, hamjambo huko nyumbani. Leo nimewaleta msituni, kaskazini kidogo mwa mji wa Tampere, kwa sababu Septemba imeingia, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na kila Mfini mwenye kikapu yuko porini. Wengi wenu mmeniuliza kama ni kweli kwamba huku nako tunachuma uyoga wa mwituni, na kama unafanana na ule wa Tabora. Swali hilo la pili ndilo lililonifanya nirekodi video hii, kwa kuwa kufanana huko nusura kuniue katika mwaka wangu wa kwanza hapa.

Kabla sijafika huko, niwatoe wasiwasi wanaodhani nimevamia shamba la mtu. Hapa ipo haki ya tangu zamani, ambayo kwa Kifini huitwa jokamiehenoikeus, yaani haki ya kila mtu. Mwenyeji na mgeni wote wanaruhusiwa kuingia katika msitu, hata ulio mali ya mtu binafsi, na kuchuma uyoga na matunda ya porini bila kuomba kibali, mradi wasikaribie nyumba za watu, wasikate miti na wasiguse mimea iliyolindwa. Na mchumaji akiuza alichookota, mapato hayo hayatozwi kodi.

Sasa tazameni hapa chini ya huu mbetula, mti wenye gome jeupe, pembeni mwa jiwe. Mnaona rangi ya kiini cha yai inavyochungulia katikati ya majani makavu? Huu unaitwa kantarelli, na mtu wa Tabora akiuona moyo wake utaruka, kwa kuwa ni jamii moja na ule uyoga wa manjano unaouzwa kwenye mabakuli kando ya barabara kwetu mvua zikikolea. Nausogeza karibu na kamera. Chini ya kofia hakuna vile vipande vyembamba vilivyosimama kama kurasa za kitabu. Kuna mikunjo minene, butu, inayogawanyika na kuteremka hadi kwenye shina, kana kwamba kofia na shina vilifinyangwa kwa udongo mmoja. Nikiuchana, nyama ya ndani ni nyeupe kwa mbali na inachanika kama nyuzi. Harufu yake ni tamu, ya tunda bivu. Alama zote hizo zikikutana nauweka kikapuni, na ikikosekana hata moja nauacha. Natumia kikapu kwa sababu uyoga ukifungwa kwenye mfuko wa plastiki hupata joto na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani.

Twendeni kule kwenye kivuli, kwenye misprusi, miti hii yenye majani kama sindano, nikawaonyeshe ule mwingine, ule ulionusuru kuniua. Huu hapa. Naomba muutazame kwa makini, kwani ni mzuri mno: mweupe kuanzia kofia hadi shina, hata zile kurasa za chini ni nyeupe, na shina lina manyoyanyoya na pete iliyochanika. Wafini huuita valkokärpässieni. Nafukua taratibu kwa kidole kuzunguka shina, na mnaona sasa kilichokuwa kimefichwa na udongo: shina limekaa ndani ya kifuko, kama yai lililopasuka likabaki ganda. Kifuko hicho ndicho alama kuu ya uyoga huu, na ndicho ambacho mtu anayekata kwa kisu juu ya ardhi hatakiona kamwe.

Mimi nilikata kwa kisu. Nilijaza mfuko, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepata chakula cha kwao ugenini. Kwenye ngazi za jengo letu nilikutana na jirani yangu, mama mtu mzima ambaye hadi siku ile tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Aliangalia ndani ya mfuko, akatafuta mmoja niliokuwa nimeung'oa mzimamzima, akanionyesha kile kifuko, na uso wake ukabadilika. Aliniuliza mara tatu kama nimekwisha kula. Mfuko hakunirudishia.

Jioni ile nilimpigia simu mama. Akaniuliza, "Uliokota kwenye kichuguu?" Nikamjibu kwamba huku hakuna vichuguu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa ulikuwa unaokota nini, mwanangu?"

Swali lake lilikuwa na elimu nzima ndani yake. Uyoga mweupe tuliofundishwa nyumbani ni ule wa kichuguu, ambao mchwa wenyewe huulima ndani ya makao yao, na ukiung'oa unatoka na mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye kiota. Mahali pasipo na mchwa, uyoga huo hauwezi kuwapo. Nililijua hilo tangu utoto, lakini macho yaliona weupe yakasahau kichuguu. Na wapo ndugu zetu walio katika hatari kubwa zaidi yangu, kwa kuwa katika misitu ya miombo ya Tanzania, Zambia na Malawi huliwa pia uyoga mmoja mweupe wenye pete na kifuko kabisa, ambao wanasayansi huuita Amanita zambiana. Mtu aliyeuzoea huo akija huku atauona huu wa Ufini, atazikuta alama zote anazozitafuta, na atakuwa ameshika kifo mkononi.

Nalisema neno kifo kwa kuwa ndivyo ilivyo. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Mlaji hukaa saa 8 hadi 24 bila dalili yoyote, kisha hutapika na kuharisha vibaya sana, halafu anaweza kupata nafuu akadhani amepona, ilhali wakati huo ini linaharibika. Kwa hiyo aliyekula uyoga anaoutilia shaka aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje tumbo limuume, na achukue mabaki ya uyoga wenyewe. Zile kanuni tunazozisikia, kwamba ulioliwa na konokono ni salama, au kwamba wenye sumu huchafua kitunguu au sarafu ya fedha ukichemshwa navyo, si za kuaminika hata kidogo. Konokono hula huu na kuendelea na safari yake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ujuzi wa kwetu ulinitupa mkono, na nadhani jibu liko kwenye mizizi. Kantarelli hii haioti popote tu. Imeungana na mizizi ya mbetula na misprusi, inaipa miti maji na madini, nayo miti inailisha sukari. Ile ya kwetu imeungana vivyo hivyo na miombo, na ndiyo sababu panapokatwa miombo kwa ajili ya mkaa au kuni za kukaushia tumbaku, uyoga wa manjano hutoweka mahali pale hata mvua inyeshe namna gani. Ujuzi wa bibi yangu wa Sikonge ulikuwa ujuzi wa miti ile. Mtafiti wa uyoga Marja Härkönen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alisafiri njia iliyo kinyume na yangu: alitoka huku, akaenda Tanzania, akawauliza wenyeji ni upi wanaoula na wanauitaje, na mwaka 2003 yeye na Tuomo Niemelä, pamoja na Leo Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania. Msomi mzima wa uyoga aliuliza kwanza. Tangu nilipolijua hilo, nami nimekuwa nikija msituni na yule jirani yangu, na kila vuli ananifundisha aina moja tu.

Ya mwaka huu ni suppilovahvero, uyoga mdogo wa kahawia wenye shina la manjano lililo tupu ndani kama mrija, unaotoka kwa wingi baridi ikianza. Amenionya kwamba katikati yake huweza kuota mwingine wa rangi ya kutu, wenye sumu inayoharibu figo, na dalili zake zinaweza kuchelewa hata wiki mbili. Kwa hiyo tunachuma mmoja mmoja, hatukombi kwa kiganja.

Tumefika nyumbani. Nimeutandaza wote juu ya gazeti, nao nauangalia upya chini ya taa. Kantarelli nitazikaanga kwenye kikaango kikavu hadi maji yaishe, niongeze kitunguu, kisha karanga za kusaga ambazo mama alinitumia, maana siagi ya Wafini ni nzuri lakini si mboga ya Tabora. Huu mmoja hapa pembeni, kati ya suppilovahvero, mnauona? Shina lake limejaa, na rangi yake imeelekea kwenye wekundu. Jirani yangu ameugeuza mara mbili, akatikisa kichwa. Nautoa.