Wakaomba Kuche

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na nguzo, ahsanteni kwa kuja na mvua hii. Nimeombwa nizungumze juu ya kumtumaini Mungu wakati wa shida. Naona uzito kulisema neno hilo hapa Mkunazini, kanisani kwetu Zanzibar. Mpaka mwaka 1873 hili lilikuwa soko la watu. Altare ile, tunavyosimuliwa na wazee wetu, ipo pale uliposimama mti wa kuwafungia na kuwachapia watumwa. Anayekwenda kupokea komunyo hupiga magoti mahali pa kilio. Basi sitawaambia kwamba shida ni jambo jepesi.

Nimechagua Matendo ya Mitume sura ya 27, sura ambayo sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufasiriwa. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi, na chomboni wamo watu 276. Alikwishawaonya kwamba majira ya kusafiri yamepita. Akida, mkuu wa askari, akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Ikawapiga tufani, siku nyingi jua halionekani wala nyota. Usiku wa kumi na nne mabaharia wakahisi nchi kavu iko karibu. Wakatupa bildi, kamba ya kupimia kina, wakapata pima 20. Wakaenda kidogo, wakatupa tena, pima 15. Maji yanapungua, kiza totoro, na mbele kuna miamba. Ndipo Luka anaandika: "Wakatupa nanga nne za tezi, wakaomba kuche."

Wakaomba kuche. Miaka yote nimelisoma neno hilo na bado linanishika. Watu wamechoka, hawajala, hawajui wako wapi, na dua yao ni fupi namna hiyo: usiku huu uishe.

Sasa, kwa nini tezi, yaani nyuma ya chombo? Nyinyi mliovua mnajua kwamba nanga kwa kawaida hutupwa omo, mbele, chombo kikageuka kukabili upepo. Hawa walitupa nyuma, omo ikabaki imeelekea pwani, ili kukicha wakate kamba waende moja kwa moja. Pwani yenyewe hawaioni. Lakini chombo wamekielekeza huko. Mkiniuliza imani ni kitu gani mtu anapofikwa, nitawajibu hivyo.

Nimewasikia wahubiri wengi wakizipa majina nanga zile nne: ya kwanza maombi, ya pili Neno, na kuendelea. Mimi siwezi. Luka hakuzipa majina. Zilikuwa vyuma vizito vilivyotupwa na mikono iliyokufa ganzi kwa baridi. Kwa mwingine nanga ni kuamka tu na kuchota maji. Kwa mwingine ni kuja kanisani akakaa kimya, mdomo hauimbi. Inatosha. Msimlaumu.

Tena angalieni: mabaharia walitaka kutoroka na mashua, na Paulo akasema hawa wasipobaki chomboni, nyinyi hamwezi kuokoka. Ahadi ya Mungu anayo tayari mkononi, na bado anawataka mabaharia. Kwa hiyo mgonjwa akipelekwa hospitali hajapungukiwa na imani. Dawa meza, na sali.

Malaika alimwahidi Paulo kwamba hakuna nafsi itakayopotea, ila merikebu tu. Na kweli, kulipokucha merikebu ilivunjika, watu wakafika pwani wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu humu ndani wapo wanaoniangalia na najua wanawaza nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba, baharini upande wa Nungwi. Wapo waliookoka kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa mzigo, kama wenzake Paulo na mbao zao. Wengi mno hawakufika. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, ikafuata meli ya Skagit, karibu na Chumbe. Wengi wao walikuwa majirani zetu Waislamu, na nina hakika walimwita Mungu kwa sauti zao zote.

Asije mtu akaniambia waliookoka ndio waliokuwa na imani. Na neno "Mungu kapenda" lisitumike kufunika chombo kilichojazwa watu kupita uwezo wake. Paulo hakufunika, aliwaambia wazi, mngenisikiliza tusingepata hasara hii.

Someni Waebrania 11. Inawataja waliofunga vinywa vya simba, kisha, bila kubadili sauti, inawataja waliokatwa kwa misumeno. Wote wameshuhudiwa kwa imani. Maandiko hayakuwatenga, na sisi tusiwatenge.

Nitasema na langu. Mtoto wetu wa pili alifariki akiwa na miaka sita. Homa siku tatu, usiku wa tatu saa nane akatutoka, nyumbani. Mimi ni mwalimu wa dini, nimewafundisha watu kusali nusu ya umri wangu, na usiku ule sikupata hata neno moja. Nilifungua Zaburi ya 88, ile ambayo mwisho wake ni gizani, haina shukrani wala aleluya. Nikaifunga nikaiweka kifuani. Hicho ndicho nilichoweza.

Bi mkubwa wa nyumba ya pili alisikia kilio cha mke wangu. Alikuja na jiko lake la makaa amelibeba kwa kitambaa, moto umo ndani, na sufuria chini ya kwapa. Hakutuhubiria. Alikaa uani kwenye kibao cha mbuzi, akakoroga uji, akawa anasukumasukuma makaa kwa ncha ya mwiko kila yakififia. Mke wangu alikuwa amelala chini, kichwa juu ya paja lake. Nilisimama mlangoni nikitazama moto ule mdogo, hata nikasikia adhana ya alfajiri. Bi mkubwa akamwinua mke wangu taratibu, akamwambia, "Mwanangu, kumekucha. Kunywa kidogo, leo una kazi kubwa." Kisha akaenda kutia udhu.

Sasa tusimame tuisome Zaburi ya 13, inayoanza na "hata lini". Asiyeweza kusoma kwa uchungu alio nao, akae tu. Sisi tutamsomea.