Kabla Hujashika Spana: Fundi wa Mashine za Kudarizi Anaanzia Wapi

Habari zenu ndugu zangu. Wakubwa wangu, shikamoni. Karibuni tena.

Leo nazungumzia kazi yangu ya huku ughaibuni, kwa sababu ujumbe mwingi unaonifikia kutoka nyumbani unafanana. Mtu anaandika: "Kaka, nimenunua mashine ya kudarizi iliyotumika, uzi unakatika kila dakika. Fundi kaigusa, sasa ndiyo imeharibika kabisa. Nifanyeje?" Ujumbe huo huwa naujibu hata nikiwa nimechoka, maana aliyeutuma ameweka akiba yake kwenye mashine ile, na ana wateja wanaomsubiri.

Mimi ni fundi wa mashine za kudarizi za biashara. Kichwa ni ile sehemu inayobeba sindano na kushona. Kuna za kichwa kimoja, za vichwa vinne, sita, kumi na viwili, na kila kichwa mara nyingi kina sindano 15. Hizi ndizo zinazotia nembo kwenye fulana, kofia, taulo na makoti ya kazi. Muda wangu mwingi unapita kwenye karakana za watu, nimepiga magoti mbele ya kichwa kilichogoma, na mwenye kazi amesimama nyuma yangu anaangalia saa. Hapo ndipo penye mtego. Ukiona mtu ana haraka, na wewe unataka aone unafanya kitu, mkono unakwenda kwenye spana. Usiupeleke. Uliza kwanza, tazama, kisha ndiyo ufungue.

Naanza na muundo, maana ukiuelewa umepata nusu ya majibu. Mwaka 1828 Josué Heilmann wa Mulhouse, Ufaransa, alitengeneza mashine ya kudarizi ambayo kitambaa ndicho kilichokuwa kikisogezwa mbele ya sindano nyingi kwa pamoja. Mwaka 1863 Mswisi Isaac Gröbli akaja na mashine ya uzi mrefu wa juu unaofungana na uzi wa chini. Mambo hayo mawili yapo hadi leo kwenye mashine za kampuni kama Tajima, Barudan, ZSK na nyinginezo: kitambaa kinatembea kwa fremu, sindano inapanda na kushuka palepale, na uzi wa juu unafungwa na uzi wa bobini, yaani kile kigurudumu cha uzi wa chini.

Kwa hiyo mashine ina pande mbili. Upande mmoja unasogeza fremu: mota, mikanda, reli. Upande wa pili unashona: mhimili mkuu, vichwa, na kulabu, ile inayozunguka chini na kudaka uzi wa sindano. Mtu akiniambia maua yametoka lakini mstari wa pembeni umehama, akili yangu haiendi kwenye sindano hata kidogo. Naangalia kama kitambaa kimebanwa vizuri kwenye fremu, kama karatasi ya kuimarisha iliyowekwa chini inatosha, kama mikanda imelegea, kama mashine imesimama sawa sakafuni au inatikisika. Uzi ukikatika, hapo ndipo nasogea kwenye kichwa.

Na hapo kwenye kichwa nina maswali ambayo siyaachi. Unakatika kwenye vichwa vyote au kimoja? Vichwa vyote vinazungushwa na mhimili mmoja na vinasoma faili moja la mchoro. Vikikata vyote, tena mahali palepale kwenye mchoro, ugonjwa uko kwenye faili: mishono imerundikana. Kwa uzi wa kawaida wa namba 40, mistari ya kujaza huachana kama milimita 0.4. Aliyetengeneza faili akiibana zaidi ya hapo na kupandisha tabaka juu ya tabaka, sindano inapiga uzi wa mwenzake, unachanika. Hakuna spana ya kurekebisha hilo. Rudisha faili kwa aliyelitengeneza.

Kikikata kichwa kimoja tu, sindano zote, shida iko kwenye kile ambacho sindano zote za kichwa hicho zinachangia: kulabu, kesi ya bobini, bamba la chuma ambalo sindano hupita kwenye tundu lake. Ikiwa ni sindano moja tu, kwa mfano namba 7 ya kichwa cha tatu, basi ni njia ya uzi huo peke yake, kuanzia kwenye koni ya uzi hadi tundu la sindano. Mara nyingi sindano imepinda, imechoka, au imewekwa vibaya. Ule mbonyeo wa nyuma ya sindano lazima utazame nyuma, upande inakopita kulabu. Ukiizungusha kidogo tu, kulabu inakosa kitanzi cha uzi.

Sindano ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye mashine, na ndicho watu wanachokibania. Inashangaza sana. Mtu anabadilisha bodi ya umeme kabla ya kubadilisha sindano.

Kisha okota ule uzi uliokatika, uutazame kwenye mwanga. Ncha ikiwa imechanika na kuwa na manyoya, kuna kitu kinaukwangua: tundu la sindano, mkwaruzo kwenye kulabu, ukingo wa bamba. Ncha ikiwa safi kama imenyofolewa, mkazo umezidi au uzi umenasa kwenye koni. Na kama uzi haujakatika kabisa lakini mashine inasimama ikidai umekatika, basi sensa, kifaa kinachohisi uzi, ndiyo inayosema uongo. Kigurudumu chake kimejaa vumbi la uzi, au uzi haujakizunguka vizuri.

Hapo sijafungua skrubu hata moja, na mashine nyingi huwa zimeshapona.

Geuza kitambaa, utazame nyuma ya mshono mnene wa herufi. Uzi wa bobini, ambao kwa kawaida ni mweupe, uonekane katikati, kama theluthi moja ya upana, na uzi wa rangi ushike pembeni kote kuwili. Ukiona rangi tupu nyuma, juu kumelegea au bobini imekaza mno. Ukiona weupe umetawala, kinyume chake. Dada zangu mnaoendesha hizi mashine, huo upande wa nyuma utazameni kila asubuhi kabla ya kuanza oda. Utawaambia tatizo linalokuja kabla halijafika.

Toa kesi ya bobini, pangusa vumbi chini ya ule utepe wa chuma unaobana uzi. Kipande kidogo cha uchafu pale kinaweza kuvuruga mkazo siku nzima. Na oili, jamani. Kulabu huzunguka mara mbili kwa kila mshono. Mashine ikienda mishono 850 kwa dakika, kulabu imezunguka mara 1,700, chuma juu ya chuma. Tone moja la oili nyepesi ya mashine kila baada ya saa chache za kazi, kisha shona kwenye kitambaa cha majaribio ili iliyozidi itoke huko. Oili ya kupikia hapana, grisi hapana.

Sasa taimingi, neno ambalo kila anayeniandikia analitaja. Taimingi ni ule wakati ambao ncha ya kulabu inapita nyuma ya sindano na kudaka kitanzi, sindano ikiwa imeanza kupanda. Inasomwa kwa digrii kwenye gurudumu la mhimili mkuu. Kwa Tajima nyingi ni digrii 201. Ncha ipite karibu sana na sindano bila kuigusa, pengo la karatasi nyembamba. Kazi hii ni ya mikono iliyotulia. Na taimingi haiondoki yenyewe bila sababu. Inaondoka baada ya sindano kugonga fremu, au uzi kujifunga rundo chini ya bamba hadi mashine ikakwama. Kama hakuna kilichogonga, iache. Mashine nyingi ninazopokea zikiwa hoi ziliharibiwa na mtu aliyelegeza skrubu za kulabu wakati kosa lilikuwa sindano.

Kwa mnaoagiza mashine zilizotumika: kabla ya kuchomeka, soma kibao cha maelezo ya umeme kilichobandikwa kwenye mashine. Iliyotoka Marekani au Japani inaweza kuwa imepangwa kwa voti 100 hadi 120, na kwenye umeme wa voti 230 itaungua palepale. Nyingine zina sehemu ya kubadilisha ndani, nyingine zinahitaji transfoma. Ondoa vyuma vyote vilivyowekwa kushikilia fremu wakati wa safari. Isimamishe kwa pima maji, miguu yote ikiwa imeshika chini. Na ukifungua boksi la umeme, zima, chomoa, subiri. Kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuzima.

Vijana mnaouliza mnaingiaje kwenye fani hii: anzeni kama waendeshaji. Fundi ambaye hajawahi kusimama na mashine zamu nzima hajui sauti yake inapokuwa na afya. Jifunzeni umeme wa msingi, jifunzeni kusoma vitabu vya mashine pamoja na michoro yake, na kila tatizo mliandike kwenye daftari: kichwa gani, sindano gani, chanzo kilikuwa nini. Mafundi wa huku ninaowaheshimu wote wana daftari la namna hiyo.

Na wewe ambaye mashine yako imesimama sasa hivi, niandikie, lakini usiniambie tu "imeharibika". Nitumie picha ya mbele ya mshono na ya nyuma yake. Nitumie picha ya karibu ya ncha ya uzi uliokatika. Niambie ni kichwa namba ngapi, sindano namba ngapi, kitambaa gani, na kama inakata mahali pamoja kila mara. Weka sindano mpya kabla ya kupiga hizo picha. Nikishapata hivyo, nitakujibu kwa video, hatua kwa hatua, hadi ishone.