Riba Iliyomo Ndani ya Bakuli

Mhadhara kwa wanachama wa vyama vya msingi na vikundi vya kuweka na kukopa, Newala

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: wanaostahili shikamoo waipokee, na wanaonidai marahaba wajue nimekwisha kuitikia.

Nimeombwa nieleze maneno ya fedha kwa wanaoanza: riba, mtaji, faida, mfumuko wa bei, hatifungani, vipande na hisa. Orodha ni ndefu, dakika nilizopewa ni arobaini, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikishaingia kwenye riba sitoki kwa urahisi. Basi naingia.

Riba ni pango la fedha. Kama unavyomlipa mwenye nyumba kwa kila mwezi unaolala ndani ya nyumba yake, ndivyo unavyomlipa mwenye fedha kwa kila mwezi unaokaa na fedha yake. Kwa hiyo kila mkopo una maswali matatu: nimepewa kiasi gani, nitarudisha kiasi gani, na baada ya muda gani. Asiyeuliza la tatu hajauliza kitu, maana elfu kumi juu ya laki moja ni nafuu kubwa ikiwa ni kwa mwaka, na ni kitanzi ikiwa ni kwa wiki.

Sasa, watu wengi wa huku kwetu ukiwauliza kama wana mkopo wa riba watakujibu kwa fahari kwamba hawana na hawajawahi kuwa nao. Waulize tena kama wamekwisha kupokea fedha za korosho ambazo bado ni maua juu ya mti, utaona macho yanashuka chini. Huko kuuza korosho kabla ya kuvunwa ndiko kangomba, na sina haja ya kuieleza Newala. Ningekuwa Dodoma ningeieleza. Haja yangu ni kuipigia hesabu, na nitaanza na yangu mwenyewe ili asije mtu akasema nimemsema.

Julai mwaka 2017 mama yangu aliugua, na nilihitaji shilingi 300,000 siku ile ile. Nilikuwa na mikorosho themanini, nyumba ya bati na cheti cha utunzaji wa hesabu kimening'inia ukutani, lakini laki tatu sikuwa nazo. (Hali hiyo, ya kuwa na mali isiyogeuka fedha kwa haraka, wataalamu wanaiita kukosa ukwasi. Wenzetu wa Mtwara mjini walionunua viwanja kwa bei ya juu wakati wa habari za gesi wanaijua vizuri kuliko mimi.) Jirani mmoja, ambaye tulikuwa tunasali safu moja, alinipa fedha hizo jioni hiyo hiyo kwa makubaliano ya bakuli mia tatu za korosho msimu ukifika, yaani shilingi 1,000 kwa bakuli, na bakuli moja tukalihesabu kuwa ni kilo moja. Nilimshukuru, na shukrani ile ilikuwa ya kweli.

Novemba alikuja na bakuli lake la plastiki la kijani. Sisi tuliokulia kwa kibaba tunajua kuwa kipo kipimo cha mfuto na kipo kipimo cha tele. Lile lilikuwa tele juu ya tele: alijaza, akatikisa, akajaza tena, akaegemeza kiganja pembeni ili rundo lisimwagike, na korosho zilizoanguka mkekani akaziokota na kuzirudisha juu. Tulipofika bakuli la tisini nilimwomba mwanangu apeleke moja dukani kwenye mizani. Likasoma kilo moja na robo.

Tupige hesabu pamoja. Bakuli mia tatu kwa kilo moja na robo ni kilo 375. Msimu ule bei mnadani ilipita shilingi 3,500 kwa kilo. Tuondoe makato kwa ukarimu, tuseme mkononi ingenifikia shilingi 3,200. Kilo 375 mara 3,200 ni shilingi 1,200,000. Nilichukua laki tatu, nikarudisha milioni moja na laki mbili baada ya miezi minne. Riba ni laki tisa, yaani asilimia 300 ya nilichokopa, au asilimia 75 kwa kila mwezi. Kikundi kinachotoza asilimia 3 kwa mwezi, ambacho mke wangu alikuwa akinisihi nijiunge nacho na mimi nikikiita mambo ya akina mama, kingenitoza shilingi 36,000 kwa muda ule ule. Cheti bado kipo ukutani. Nimekiacha kinisute.

Najua mnavyonijibu kimoyomoyo, kwa sababu nimejibiwa hivyo Masasi, Nachingwea na Tandahimba. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kuwa kangomba si riba, ni biashara ya salam, fedha mbele na mazao baadaye, na dini inairuhusu. Sibishani na wenye elimu yao. Ninachojua ni kwamba hata biashara hiyo inataka kipimo kijulikane na tarehe ijulikane, na bakuli la kiganja pembeni halijulikani kwa Mungu wala kwa wakala wa vipimo. Hata lingejulikana, hesabu haipungui kwa kubadilishiwa jina.

Kijana mwingine husema kuwa mnunuzi naye anabeba hatari, kwani bei inaweza kuanguka. Ni kweli, na hatari ni neno la kiuchumi linalostahili heshima. Mwaka 2018 wafanyabiashara walitaja bei za chini mno hata Serikali ikaingia yenyewe kununua kwa shilingi 3,300. Lakini tazameni ni hatari ipi anayobeba. Mikorosho ikipigwa na ugonjwa wa ubwiri unga usipate kitu, yeye hasemi pole tumepoteza wote. Anasema utanilipa msimu ujao, na mara nyingi bakuli zinaongezwa. Hatari ya shamba imebaki kwako, na malipo ya kubeba hatari ameyachukua yeye.

Wa tatu husema mnada unachelewesha malipo. Hilo nalikubali bila kuzungusha maneno. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kupeleka korosho ghalani zikauzwe mnadani, tunao tangu mwaka 2007, na shida yake kubwa kwa mkulima imekuwa siku zinazopita kati ya kupima mzigo na kuona fedha. Lakini kangomba haichukuliwi Novemba tukisubiri malipo. Inachukuliwa kuanzia Mei hadi Agosti, wakati wa palizi, dawa ya salfa ya mikorosho na ugonjwa nyumbani. Dawa yake ni akiba ya dharura: fedha iliyotengwa siku ya malipo, kabla ya pikipiki na kabla ya ngoma. Sijasema msicheze ngoma. Mwaka jana nilisema neno moja kuhusu unyago na nikaitwa kikao.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakwenda mbio.

Mapato si faida. Milioni tatu ya korosho, ukitoa salfa, palizi, vibarua wa kuokota na usafiri, ndipo uone faida. Na katika faida hiyo, sehemu utakayoirudisha shambani au dukani ndiyo mtaji. Mfumuko wa bei ni kupungua kwa nguvu ya fedha: ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, milioni moja iliyofukiwa chini ya kitanda miaka kumi itanunua vitu vya kama shilingi 675,000 tu, ingawa noti hazijapungua hata moja.

Hatifungani ya Serikali ni mkopo ambao wewe ndiye mkopeshaji na Serikali ndiyo mkopaji. Unaanzia shilingi 1,000,000, riba unalipwa mara mbili kwa mwaka, na muda unafika hadi miaka 25; kwa hiyo ada ya Januari usiifungie huko. Vipande vya mfuko wa pamoja, kama ule wa Umoja ulioanza mwaka 2005, ni watu wengi kuchangia chungu kimoja na wataalamu kukiwekeza kwa niaba yao. Unaanza na kidogo na kutoa ni rahisi zaidi, ila thamani ya kipande hupanda na kushuka.

Hisa sitazigusa leo. Zinataka siku yake, na sipendi kuzisema kwa pumzi moja kisha mtu akauze mbuzi.

Karatasi niliyogawa ina mistari mitatu tu: nimepewa, nitarudisha, miezi mingapi. Na yeyote aliyekwisha kupokea fedha za msimu huu asione haya, abaki nyuma wengine wakitoka. Nina mizani ndogo ya mkono humu kwenye mkoba. Ninachoomba ni aje na bakuli.