Kituo Kiisikie Simu: Mhadhara kuhusu Kufunga Intaneti ya Pasiwaya katika Viwanja vya Chuo Kikuu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kufikisha intaneti ya pasiwaya nje ya majengo ya chuo kikuu: chini ya miti, vibarazani, kwenye njia zinazounganisha kumbi za mihadhara na mabweni. Naomba nianze na jambo nililolijua kwa kukosea. Katika kazi yangu ya kwanza ya aina hii, tulifunga kituo kimoja, yaani kifaa kinachorusha na kupokea mawimbi ya intaneti, chenye antena ndefu juu ya paa la jengo lililozidi mengine yote kwa urefu, tukakipandisha nguvu hadi kikomo kinachoruhusiwa, tukaamini kwamba uwanja mzima umekwisha kuhudumiwa. Simu za wanafunzi zilionyesha mawimbi yaliyojaa, lakini kurasa hazikufunguka. Tulihangaika na seva na swichi, vile vifaa vinavyounganisha nyaya za mtandao, kwa siku kadhaa kabla ya kukubali kwamba tatizo lilikuwa pale juu.

Mawasiliano ya pasiwaya ni mazungumzo ya pande mbili, na pande hizo hazilingani kwa sauti. Kituo cha nje kinaweza kurusha mawimbi kwa nguvu inayokaribia wati moja, kutegemea sheria za masafa ya redio za nchi husika, ilhali simu ya mkononi, ambayo lazima itunze betri yake, hurusha kwa makumi machache tu ya miliwati. Matokeo yake ni kwamba simu hukisikia kituo kikinena, ikajibu, na jibu lake likapotea njiani. Alama za mawimbi tunazoziona kwenye kioo cha simu hupima upande mmoja tu, yaani jinsi simu inavyokisikia kituo; hazisemi lolote kuhusu jinsi kituo kinavyoisikia simu. Antena nzuri husaidia pande zote mbili, kwa sababu hukusanya kama inavyorusha, lakini kupandisha nguvu ya kurusha ya kituo hakulisaidii jibu la simu hata kidogo.

Paa lilituletea matatizo mengine mawili. La kwanza ni umbo la mawimbi: antena ya pande zote yenye uwezo mkubwa hufika mbali kwa kuyabana mawimbi yakawa bapa kama sahani, na hivyo mwanafunzi aliyeketi karibu na msingi wa jengo hupitwa juu ya kichwa. La pili ndilo zito zaidi. Vifaa vya pasiwaya vinavyotumia chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa ya redio, husikiliza kwanza, na vikisikia mwingine anazungumza, hunyamaza vikangoja. Kituo kilichokaa juu kabisa husikia vituo vya kila jengo lililo mbele yake, kwa hiyo hutumia muda mwingi kikingoja zamu.

Suala hili la kugawana hewa lilianzia chuoni. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet ili kuwawezesha watumiaji waliotawanyika visiwani kuifikia kompyuta ya chuo. Kila mtumiaji alituma alipokuwa na la kutuma, na ujumbe ukigongana na mwingine ulirudiwa baadaye. Hesabu ilionyesha kwamba kwa utaratibu huo chaneli haiwezi kutumika ipasavyo zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake. Utaratibu wa kusikiliza kwanza, ambao viwango vya kimataifa vya intaneti ya pasiwaya, IEEE 802.11, viliuchukua mwaka 1997, umepunguza migongano sana, lakini haukuondoa ukweli wa msingi, kwamba walio kwenye chaneli moja wote wanagawana muda uleule.

Hebu tupige hesabu ndogo. Pakiti, yaani kifurushi kimoja cha data, ya baiti 1500 ikitumwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde huikalia hewa kwa milisekunde 12. Ikitumwa kwa megabiti 54 humaliza kwa chini ya robo ya milisekunde, bila kuhesabu muda wa maandalizi. Kwa hiyo mtu mmoja aliye mbali, anayeng'ang'ania kituo kwa kasi ya chini, huwacheleweshea hamsini walio karibu. Ndiyo maana nashauri kasi za chini kabisa zizimwe, ili simu iliyo mbali ihamie kituo kilicho karibu nayo. Na ndiyo maana mtandao uwe na majina machache, yale yanayoorodheshwa kwenye simu unapotafuta mtandao, kwani kila jina hutangazwa karibu mara kumi kwa sekunde, na kila tangazo hula muda wa wote.

Tulishusha kituo kile, na badala yake tukafunga vituo kadhaa vyenye nguvu ndogo, kimo cha mita tatu hadi tano, kwenye kuta na nguzo za taa, antena zikielekezwa chini, mahali watu wanapoketi. Kuta za majengo, ambazo awali tuliziona kama adui, zilitusaidia kutenganisha vituo vilivyotumia chaneli moja. Katika masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, kwa hiyo kila ukuta wa zege unaokinga kituo kimoja na kingine ni msaada. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, lakini yanataka umakini: baadhi ya chaneli zake hutumiwa pia na rada, na kituo kikiisikia rada hulazimika kuhama, na zipo nchi zinazoruhusu baadhi yake ndani ya majengo tu. Sheria isomwe kabla ya kifaa kununuliwa.

Kuhusu nyaya nitasema machache, ingawa ndizo zinazokula bajeti. Waya wa kawaida wa mtandao hauzidi mita 100, na huo huo unaweza kubeba umeme wa kituo: wati 15.4 kutoka kwenye swichi kwa kiwango cha mwaka 2003, wati 30 kwa kile cha mwaka 2009. Baina ya jengo na jengo, nawasihi msitumie shaba. Ardhi za majengo mawili, yaani pale umeme wa kila jengo unapotulizwa chini, hazina volti moja, na radi ikipiga karibu, tofauti hiyo hupita kwenye waya na kuunguza swichi za pande zote mbili. Tumieni nyuzi za kioo, zinazobeba data kwa mwanga; hizo hazipitishi umeme. Waya wa nje uwe wa kuhimili jua, na kabla ya kuingia ukutani upindwe kidogo kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuufuata hadi ndani.

Limebaki suala la kupima, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Maji hufyonza mawimbi, na jani la mti limejaa maji. Kiwanja kilichopimwa miti ikiwa imepukutisha majani kitakuwa kiwanja kingine miti ikinawiri na kulowa. Pimeni basi wakati majani yamejaa, saa ambazo wanafunzi wamekaa, si alfajiri uwanja ukiwa mtupu. Na mkononi msishike kompyuta mpakato yenye antena nzuri. Shikeni simu duni kuliko zote mtakazoziona kwa wanafunzi, kaeni kwenye benchi lililo mbali zaidi na kituo, kisha mjaribu kupakia faili, si kupakua tu.