Mathe Amekataa Nduthi, Nifanye Nini?

BARAKA: Haya, tunarekodi. Mimi ni Baraka, niko na Shiko hapa kama kawaida, na leo nimekuja na meseji ya kijana mmoja anasoma huko Juja. Ana miaka 21, amekuwa akiweka pesa ya pikipiki pole pole na vikazi vyake vya mtandaoni, sasa zimetosha, na mamake amekataa katakata. Nisome vile ameandika: "nimwambie nini ndio akubali?"

SHIKO: Asimwambie kitu.

BARAKA: Aki Shiko, hata dakika haijaisha.

SHIKO: Sichezi. Vijana hudhani mzazi anataka hotuba. Unamkalisha mathe sebuleni unaanza kumpigia hesabu ya mafuta, vile nduthi inakunywa kidogo, vile utapita jamu ya Thika Road, na huyo mama hajawahi kuwaza petroli hata siku moja. Yeye anawaza simu. Ile ya saa tano usiku, namba haijui, mtu anauliza "wewe ni mama ya nani hivi?" Sasa mtu anaogopa hiyo simu, wewe unamjibu na bei ya mafuta?

BARAKA: Na tusijifanye, hiyo simu hupigwa. Hakuna mtu anakaa Nairobi hajachangia mguu wa mtu. Kanisani, kwa chama, kwa grupu ya familia, kila mara kuna mchango wa mtu amewekwa vyuma na alikuwa kwa nduthi.

SHIKO: Ndio maana huwa naskia vibaya kijana akimwambia mzazi "hao ni watu wa boda, mimi niko tofauti." Kwanza umedharau watu wako kazini. Pili lori halikuulizi kama umebeba abiria ama umetumwa maziwa.

BARAKA: Hapo ngoja kidogo, tofauti iko. Mtu wa boda anaamkia barabarani na analala nayo, giza, mvua, uchovu, saa zingine amebeba watatu na sheria inasema abiria mmoja. Huyu wetu anaenda chuo anarudi.

SHIKO: Masaa nakupea. Lakini yeye pia ako na shida mtu wa boda hana, ni mgeni. Kuna utafiti wa zamani wa Marekani, wa Harry Hurt, ulitoka 1981, walichunguza ajali 900 za pikipiki Los Angeles, wanaenda pale pale kwa tukio. Zaidi ya nusu ya walioanguka walikuwa hawajamaliza miezi 5 na hiyo pikipiki. Na asilimia 92 walikuwa wamejifunza wenyewe ama wakafunzwa na beshte ama mtu wa familia.

BARAKA: Sasa Los Angeles ya kitambo na Nairobi...

SHIKO: Si sawa, najua, huko makanga hawaruki nje gari ikitembea. Lakini niambie wewe, beshte zetu walijifunzia wapi? "Shika klachi, weka moja, achilia pole pole, umeona? Umejua." Jioni hiyo hiyo mtu ako Outering.

BARAKA: (anacheka) Na patipati.

SHIKO: Na patipati! Na jambo lingine kwa huo utafiti, na hili ndilo mzazi hajui. Mzazi anadhani utakufa juu ya kasi. Sasa kwa zile ajali zilizokuwa na gari lingine ndani, karibu theluthi mbili ni dereva wa gari ndiye aliyemkatia mwenye pikipiki njia. Wengi wanasema hawakumwona. Kwa hivyo "mimi sitaenda mbio" ni nzuri lakini haijajibu swali, swali ni utafanya nini na yule ambaye hajakuona.

BARAKA: Jibu basi, maana kijana anangoja.

SHIKO: Taa ya mbele iwake hata saa sita mchana. Jaketi ya riflekta, ambayo hata hivyo ni sheria, na sio ile imekuwa kahawia. Alafu junction. Kuna gari linakuja mbele yako linataka kukata kulia, ama kuna moja inachungulia kutoka barabara ya pembeni, usiangalie uso wa dereva. Anaweza kukutazama machoni na bado hajakuona. Angalia tairi yake ya mbele, hiyo haidanganyi, ikianza kuzunguka ujue anakuja. Na matatu imesimama steji usiipite ukiibana, acha nafasi ya mlango, acha nafasi ya mtu kushuka na mzigo bila kuangalia.

BARAKA: Na mashimo ya mitaro yenye vifuniko viliibwa, na dizeli kwa raundabauti. Mvua ya kwanza baada ya jua kali ndio mbaya kabisa, ile mafuta imekaa kwa lami wiki nzima inapanda juu, ni kama umemwaga omo.

SHIKO: Siku hiyo pikipiki ikae nyumbani. Panda matatu, hakuna aibu.

BARAKA: Turudi kwa mathe. Mimi nasema kabla aone pikipiki aone leseni. Umri hana shida, A2 ya pikipiki ni kuanzia 18, hata A1 ya mopedi ni 16. Aende shule ya udereva.

SHIKO: Aende, ndio, lakini leseni peke yake isimdanganye. Kuna mahali, sitaji, unazungushwa koni kidogo unaambiwa uko tayari. Hakuna mtu amekufunza kusimama kwa dharura. Na hapa Nairobi kuna ile imani, yaani sijui ilitoka wapi, "usiguse breki ya mbele, utarushwa." Watu wanaendesha miaka na miaka na breki ya nyuma tu! Sasa ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi ya nyuma inabaki nyepesi, hata ukikanyaga namna gani inateleza tu. Kazi kubwa ya kusimama inafanywa na ya mbele. Inakurusha kama umeinyaka ghafla ama umeishika ukiwa umepinda. Unaibana kwa kuongeza, unaanza laini unaongeza, na ya nyuma pamoja.

BARAKA: Hiyo hauwezi kujifunzia Waiyaki Way.

SHIKO: Jumapili asubuhi, pakingi tupu, uwanja, mahali popote lami iko na watu hawako. Anza na 20, 30, panda. Na mathe aje aone. Sisemi utani, mlete, mpe kiti akae kivulini. Kwa 50, ambayo ndio mwisho wa kasi mjini, unakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hivyo kama ulikuwa unachungulia simu sekunde moja, mita 14 zimeenda na mkono haujafika kwa breki. Mwekee mawe mawili chini aone hiyo umbali. Mzazi akiona mtoto amerudia kitu kimoja asubuhi nzima bila kuchoka, anaanza kukuangalia tofauti, hata kama hajasema.

BARAKA: Mzee wangu hiyo haingemsaidia. Yeye aliendesha pikipiki ya kilimo ushago miaka ya themanini, na ndiye alikataa kuliko mathe! Yaani anajua sana.

SHIKO: Huyo sasa ndiye mwalimu wako, unamwambia "baba, nifunze," shughuli imeisha.

BARAKA: Alinifunza akinung'unika mpaka mwisho.

SHIKO: Mimi kwangu shida haikuwa hata ajali. Shangazi aliuliza nani atanioa nikipanda hicho kitu. Tuache hiyo, ni kipindi kizima.

BARAKA: Tuache. Pesa sasa. Huyu kijana anasema pesa ya pikipiki imetosha.

SHIKO: Ya pikipiki! Umeskia? Hajasema ya helmeti. Mimi ningekuwa mathe swali langu ni moja tu, hiyo pesa umeigawa aje? Kama yote inaenda kwa chuma na kichwa kimewachiwa ile kofia ya elfu moja na kitu ya kukwepa askari, basi mathe ako sawa na mimi niko upande wake. Nunua pikipiki ndogo, nunua ya mkono wa pili ukaguliwe na fundi, lakini helmeti isiwe ya mkono wa pili. Ndani kuna ile povu ngumu, kazi yake ni kubonyea mara moja ikule ule mgongano. Ikishaanguka na kichwa imefanya kazi yake, na kwa nje haionekani.

BARAKA: Na alama?

SHIKO: Ya KEBS, lile shirika la viwango, KS 77 ndio kiwango chetu, ama ukipata ya ECE 22.06 hiyo ni ya Ulaya, ngumu sana kupita. Ivae, funga mshipi wa kidevuni, alafu shika na mikono miwili uizungushe, ngozi ya mashavu isonge nayo. Ikizunguka peke yake hiyo ni sufuria. Helmeti imevaliwa vizuri inapunguza kufa kwa karibu asilimia 42 na kuumia kichwa 69, hizo namba zimekusanywa kwa tafiti nyingi. Lakini imefungwa! Watu wanaiweka juu ya paji la uso kama kofia ya mzee wa kanisa.

BARAKA: Enda na mathe dukani, yeye ndiye aizungushe.

SHIKO: Ee, na alipe hata mia tano, awe na mkono wake hapo. Alafu jaketi nzito, glavu kwa sababu ukianguka mkono ndio hutangulia, viatu vya kufunika kifundo. Joto? Utazoea.

BARAKA: Bima haraka haraka. Ile ya lazima, ya mtu wa tatu, inalipa yule umegonga, sio wewe. Kwa hivyo jiandikishe SHA, ile bima ya afya ya serikali, na ukiweza chukua ya ajali yako mwenyewe. Mathe atauliza, usiwe unakuna kichwa.

SHIKO: Na masharti aandike yeye. Hakuna usiku, hakuna mvua, hakuna kubeba beshte mpaka aseme. Usibishane bei, kubali. Na moja uandike wewe: ukiwa barabarani hautashika simu yake. Mathe mwenye wasiwasi atapiga mara sita kutoka Juja mpaka Githurai, na wewe unaiingiza ndani ya helmeti kama watu wa boda uongee. Hapana. Unatuma meseji ukitoka, unatuma ukifika, katikati hapo ni kimya.

BARAKA: Mimi nilijaribu kumtumia mathe lokesheni ya moja kwa moja. Nimekwama tu Roysambu, ile alama haisongi, nyumbani wameanza maombi.

SHIKO: (anacheka) Usiwahi!

BARAKA: Sasa kuna wale wananunua kimya, wanaificha kwa beshte Zimmerman.

SHIKO: Hao nawakasirikia kabisa. Ukianguka, wanaokuokota watapigia nani? Beshte naye ataogopa kusema. Na mathe akijua siku hiyo, amejua ajali na uongo pamoja. Wekeni namba ya mzazi kwa skrini ya simu, na karatasi ndani ya jaketi na aina ya damu.

BARAKA: Na baada ya yote hayo, leseni, mazoezi, helmeti, bado akatae? Mimi nasema ana 21, ni mtu mzima, amweleze kwa heshima alafu anunue.

SHIKO: Anaishi kwa nani? Analipiwa karo na nani? Angoje. Aendelee na mazoezi kwa pikipiki ya shule, aulize tena baada ya muhula.

BARAKA: Anaweza kungoja mpaka amalize chuo!

SHIKO: Si angoje, nduthi zitaisha?

BARAKA: Haya, wa Juja, umeskia, hatujaelewana hapa.

SHIKO: Afuate yangu.

BARAKA: Tutumie picha ya hiyo helmeti kabla ulipe, tuangalie alama. Wengine, meseji zenu za mnyororo na oili nimeziona, ni Alhamisi.