Wake Wenza Jukwaani

(Mhadhara huu ulitolewa kabla ya kuonyeshwa filamu ya tamasha. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Hamjambo wote, na wakubwa zangu shikamooni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na leo kazi yetu ni kutazama nyuso.

Pale mlangoni kijana mmoja ameniuliza kama nitaeleza kwa nini waimbaji wa opera wanapiga kelele vile. (Kicheko.) Nitaeleza, kijana. Usiondoke.

Kwanza niseme kwamba tutakachotazama si opera, yaani si mchezo mzima wa jukwaani unaoimbwa. Ni tamasha la tarehe 28 Machi 1982 katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Waimbaji ni wanawake wawili, Leontyne Price na Marilyn Horne, na okestra ya jumba hilo iko chini ya kondakta James Levine. Kondakta wetu wa daladala hupiga bati. Huyu ana kijiti. Hakuna kasri la mbao wala panga, na hakuna mtu anayechomwa kisu kisha akaimba dakika kumi kabla ya kukata roho. Wameleta vipande vilivyochaguliwa tu: aria, ambazo mtu huimba akiwa amebaki peke yake na moyo wake, na dueti, ambazo ni za watu wawili.

Wapenzi wa opera wa siku nyingi huyabeza matamasha ya namna hii. Wanasema ni kuchagua nyama kwenye pilau na kuuacha wali. Wana haki yao, maana ukikata kipande unapoteza kisa kilichokizaa. Lakini mimi naona unapata kitu ambacho opera nzima hukifunika kwa mavazi na mapazia. Ukiwasimamisha wawili mbele ya okestra, wamevaa nguo zao za heshima tu, linabaki swali moja: je, hawa wawili wanasikilizana?

Sasa tazameni bahati tuliyo nayo sisi wa lugha hii. Dueti mbili kubwa za jioni ile, moja ya Bellini na nyingine ya Verdi, watunzi wa Kiitaliano, zote ni za wanawake wawili wanaompenda mwanamume mmoja. Waitaliano wana neno la mpinzani. Sisi tuna mke mwenza. Neno letu lina yote mawili, mke na mwenza, ugomvi na ushirika vimelala kitanda kimoja. Nadhani linaingia ndani ya muziki huu kuliko neno lao.

Anzeni na Norma, opera ya Bellini iliyotoka Milano mwaka 1831. Norma ni kuhani mkuu wa kike katika nchi ya Gaul, enzi za Warumi. Kwa siri amezaa watoto wawili na liwali wa Kirumi, yaani adui. Liwali naye amemgeukia kuhani mdogo, Adalgisa. Ungetegemea nywele zing'olewe. Badala yake Adalgisa anapiga magoti na kusema, tazama, Norma, watazame watoto hawa, uwahurumie. Amekuja kumtetea mke mwenza! Norma anakataa, anakataa, kisha analainika, na hapo sauti zao zinaanza kwenda sambamba. Wanakwaya mtaelewa haraka: huyu yuko mi, yule yuko do; huyu akienda fa, yule yuko re. Hawaachani. Umbali ni uleule, kama watu wawili waliobeba mtungi mmoja. Mmoja akivuta pumzi vibaya mtungi umemwagika, na ukumbi mzima umeona.

Hiyo nimeipitia haraka kwa sababu ni tamu, na kitu kitamu hakihitaji maelezo mengi. Ninayotaka tukae nayo ni Aida.

Verdi aliitunga Aida kwa ajili ya Misri, kwa ombi la mtawala wake, Khedive Ismail, na ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871. Ilichelewa kwa kuwa mavazi na mandhari vilitengenezwa Paris, na Paris ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Prussia. Aida ni mjakazi Mhabeshi katika nyumba ya Farao. Asichokijua mtu ni kwamba ni binti wa mfalme wa Ethiopia. Bibi yake ni Amneris, binti Farao. Wote wawili wanampenda jemadari Radamès, aliyekwenda kupigana na Wahabeshi haohao.

Amneris anashuku, na hapo ndipo dueti inapoanzia. Anafanya lile ambalo kila mtu aliyekulia nyumba yenye wanawake wengi ameliona: anamchimba mwenzake kwa upole. Maskini Aida, vita vimewageuka ndugu zako. Mimi ni shoga yako, kila kitu utakipata kwangu, utaishi kwa raha. Amneris anaimbwa na Horne, na sauti yake ni mezo-soprano, yaani sauti ya kike ya kati, nzito chini kama asali, na asali hiyo ndiyo mtego. Kisha anadondosha uongo: Radamès ameuawa na watu wako. Aida analia. Amneris ameshapata jibu, lakini hatosheki. Nitazame usoni, nimekudanganya. Radamès yu hai!

Na Aida, masikini ya Mungu, anashukuru. Furaha inamtoka kabla hajakumbuka kuificha.

Hapo Amneris anavua ushoga wote. Unampenda, na mimi nampenda, umesikia? Mimi ni mpinzani wako, binti wa Mafarao! Aida anainuka: Mpinzani wangu? Haya, na iwe hivyo, hata mimi ni... Anakata. Alitaka kusema hata mimi ni binti wa mfalme. Akilitamka, amejiponza yeye na watu wake. Basi analimeza neno, anashuka kutoka kwenye hasira hadi kwenye kuomba huruma, na sauti nayo inashuka pamoja naye. Kwangu mimi, sentensi ile isiyokwisha ndiyo kilele cha dueti nzima. Verdi angeweza kumwekea noti kubwa ya juu. Amemwekea neno la kumeza.

Sasa nani amesimama pale kulimeza? Leontyne Price, mtu mweusi wa Laurel, Mississippi, aliyezaliwa mwaka 1927, mama yake mkunga, baba yake mfanyakazi wa kiwanda cha mbao. Januari 1955 Marian Anderson alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kuimba nafasi ya opera katika Metropolitan, kwenye jumba lake la zamani. Mwezi uleule Price aliimba opera ya Tosca kwenye televisheni ya NBC, na baadhi ya vituo vya kusini mwa Marekani vilikataa kuirusha. Alipoingia Metropolitan mwenyewe, Januari 1961, alipigiwa makofi yanayosimuliwa kuwa yalipita dakika 40. Aliwahi kusema kwamba katika Aida, ngozi yake ndiyo vazi lake.

Na Horne? Mwaka 1954, akiwa na miaka 20, ilitengenezwa filamu ya Carmen Jones yenye waigizaji weusi watupu. Uso ni wa Dorothy Dandridge. Sauti ya kuimba ni ya Horne, binti wa kizungu asiyeonekana hata mara moja. Hata Harry Belafonte, ambaye wengi wenu mnamjua kwa Malaika aliyoimba na Miriam Makeba, alitiwa sauti ya mtu mwingine humo. (Kicheko.) Ndiyo, Belafonte!

Kwa hiyo mmoja uso wake ulikataliwa na vituo vya televisheni, mwingine uso wake ulifichwa na sauti ikauzwa. Mwaka 1982 wako mbele ya kamera pamoja, Price ana miaka 55, Horne 48, nyuso na sauti zao wenyewe.

Sasa kelele. Jumba lile linaingiza watu karibu 3,800, na maikrofoni mtakazoziona ni za kurekodia tu, hazimsaidii aliyekaa juu darini. Nguvu ya okestra iko nyingi karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, halafu inapungua. Mwimbaji aliyefundwa, hasa mwenye sauti ya chini, hujifunza kukusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra imeacha uwazi na sikio la binadamu ni kali. Anapenya, kama mwadhini wa zamani kabla ya vipaza sauti. Soprano juu kabisa hana haja ya ujanja huo, noti yenyewe imeshapita juu ya okestra.

Tahadhari moja tu. Katika filamu, fundi mitambo anaweza kuzisawazisha sauti, kwa hiyo msibishane hapa nani ana sauti kubwa. Tena ukumbini jicho lako linachagua pa kwenda. Hapa amekuchagulia mtu mwingine.

Ndiyo maana nina ombi. Tunaanza na Aida, nimemwambia fundi. Horne atakapoimba kwamba Radamès amekufa, kamera ikiwaonyesha wote wawili, mwacheni Horne. Mtazameni Price kabla hajafungua mdomo, yale mapigo machache ambayo hana cha kuimba.

Haya, fundi, taa.